Chatu Aliyepewa Pole Kupita Kiasi

Asubuhi moja, kabla chai haijachemka, nilitoka kwenye chumba nilichokuwa nimepanga Dumila nikiwa na begi la mgongoni na nusu mkate, wala sikuwa na ninakokwenda. Sikuwa nimegombana na mtu. Kazi ya kupakia nyanya ilikuwa nzuri tu. Niliamka, nikatazama dari, nikagundua kwamba najua kila msumari uliopo pale juu, na kwa mtu kama mimi hiyo ilitosha. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa shida wala kwa kufeli, bali kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama barabarani. Tangu hapo nilikuwa nimechoma matofali, nimeziba pancha za baiskeli, nimelinda ghala la mpunga, nimepika chapati kwenye kambi ya wajenga barabara. Kote huko watu waliniuliza natafuta nini, nami niliwajibu kwamba bado sijajua.

Dereva wa lori la nyanya alinishusha Morogoro kwa sababu ndipo lori lilipokufa. Yeye akaingia chini ya injini, mimi nikaanza kutembea kuelekea mlimani, kwa kuwa mlima ulikuwa mbele yangu na ulikuwa mkubwa. Nje kidogo ya mji, kwenye njia ya vumbi inayopanda, nikakuta ubao ulioandikwa kwa mkono: NYOKA HAI. KARIBUNI WOTE. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: Usiguse.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi niliyostaafu mwezi uliopita. Ninyi watunzaji mliobaki mmeniomba niwaandikie kidogo kabla sijasahau. Ya vyeo na mishahara nayaruka. Cheo nilipanda mara mbili, mara zote kwa sababu aliyekuwa juu yangu aliacha kazi, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika zaidi juu ya mwaka wangu wa kwanza na chatu mmoja jike, kwa sababu karibu kila ninachokijua kuhusu kumpokea nyoka mgeni nilijifunza kwa kumkosea yule.

Getini siku ile alikuwapo Shabani, kijana wa mjini hapa hapa, mchangamfu, aliyekata tiketi, aliyepokea simu na aliyejua habari za kila mtu aliyepita ile njia.

"Shikamoo mzee, karibu sana. Nyoka wapo kumi na saba, na wote wana njaa ya kukuona."

Nilimuuliza kama nyoka hulala macho yakiwa wazi. Nilimuuliza kama husikia. Nilimuuliza nani anawaosha, na kama wakijivua ngozi ngozi ile inauma, na kwa nini yule wa kizimba cha tatu anatoa ulimi bila kufungua mdomo. Shabani alijibu mpaka akaishiwa, kisha akageuka akaita kwa sauti, "Mama Felista! Njoo umsaidie huyu mzee, ana maswali kuliko mtihani wa darasa la saba!"

Akatoka mwanamke mfupi aliyevaa buti za mpira, khanga imefungwa kiunoni juu ya suruali, fimbo ya chuma yenye kulabu begani kama mtu anayetoka shamba na jembe. Alikuwa mtu wa Matombo, amekulia jirani na misheni, na ndiye aliyekuwa mkuu wa watunzaji, yaani mtunzaji pekee. Alitazama ndala zangu zilizojaa vumbi.

"Umetoka wapi?"

"Dumila."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Kiguu na njia," akasema, kama daktari anayetaja ugonjwa. "Kabla hujaondoka, fagia hapo."

Nikafagia. Kesho yake nikafagia tena. Jina la Kiguu likanibaki, na hata ninyi wengi wenu hamjui kwamba nina jina lingine.

Wiki sita za mwanzo sikugusa nyoka. Niligusa ufagio, ndoo, na maranda ya mbao tunayotandika sakafuni. Mama Felista alinifundisha zana moja moja, na hakunipa ya pili kabla ya kuona nimeiheshimu ya kwanza. Kulabu ilikuwa kipande cha nondo kilichokunjwa na fundi wa kuchomelea, ncha yake imevishwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili isiumize mbavu za nyoka. Koleo refu lilikuwa la chakula tu, si la kumshika mtu shingo. Yeye aliwaita nyoka "watu." Mifuko ya kubebea ilikuwa foronya za mto, zimegeuzwa nje ndani ili nyuzi za mshono zisishike magamba. Na kulikuwa na sheria mbili ambazo mpaka leo mnazifuata bila kujua zilikotoka. Ya kwanza, kabla ya kufungua mlango wowote hesabu nyoka aliyemo, na baada ya kufunga mhesabu tena. Ya pili, taja jina lako na unachofanya kwa sauti: "Kiguu, kizimba cha nne, nafungua." Wageni walicheka waliponisikia nikijitambulisha kwa mlango. Kizimba cha nne kilikuwa cha kifutu, ambaye akijilaza kwenye majani makavu unaweza kumtazama dakika nzima ukaapa kwamba hayupo. Mwenzako akisikia sauti yako anajua uko wapi, na isiposikika tena anajua pia.

Mwishoni mwa msimu wa kuvuna miwa, gari la wanyamapori lilikuja kutoka upande wa Turiani. Kule, kabla ya kukata miwa, shamba huchomwa moto majani makavu yaishe, na kila kilichomo hukimbia. Huyu chatu alikuwa amechelewa kukimbia. Alikuwa jike, mrefu zaidi ya mita tatu, amefungwa ndani ya gunia la mpunga, na ubavuni kushoto alikuwa ameungua sehemu ya urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole.

Afisa wa wanyamapori alimwambia Mama Felista, "Shamba lile hawezi kurudi. Akipona tutamtafutia msitu. Mnaweza?"

"Atarudi porini akiwa mzima," Mama Felista akasema. Alimsafisha kidonda, akampaka dawa, huku mimi nimeshika mkia na Shabani ameshika mlango. Alipomaliza alinivuta pembeni. "Chatu mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula na asipate neno. Huyu ameungua, na amekonda kabla ya kuungua. Asipokula ndani ya miezi miwili, tutamzika. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Alisema kesho yake asubuhi tungempangia mahali pake. Lakini jioni ile ile simu ililia, mama yake mzazi alikuwa ameanguka kule Matombo, na Mama Felista akaondoka na pikipiki bila hata kuvua buti. "Siku tatu," alisema. "Kiguu, nakuachia." Usiku mvua za vuli zikapiga mlima, udongo ukaporomoka barabarani, na kule kijijini kwao ili kupata mtandao lazima upande mpaka kanisani. Siku tatu zikawa kumi na sita.

Sasa nitaeleza tulichofanya, na naomba msicheke kabla sijamaliza.

Nyuma ya stoo kulikuwa na kizimba kidogo, chenye giza, kimegeuzia mgongo njia ya wageni. Nilimwonyesha Shabani nikamwambia tumweke pale.

"Huku nyuma?" akasema. "Mzee, mgeni, tena mgonjwa, unamweka stoo? Wewe ungelazwa stoo ungejisikiaje?"

Nikaona ana haki. Tukampa kizimba cha mbele, kikubwa kuliko vyote, kilichokuwa kitupu karibu na geti. Nikamjengea kibanda cha mbao cha kujificha, kipana kuliko chumba nilichokuwa nikilala mimi, ili ajinyooshe. Nikaweka maranda mapya kila siku. Nikabadilisha maji asubuhi na jioni. Na kwa kuwa mgeni hawezi kukaa na njaa, siku ya pili nikamwekea kuku mzima, hai, mweupe.

Habari ikaenea mtaani kwamba chatu ameungua. Mnajua watu wa hapa. Mtu akiungua, hamuulizi aliunguaje, mnakwenda kumpa pole. Bi Mwanaidi, anayeuza ndizi chini ya njia, ndiye aliyefika wa kwanza na wenzake watatu, wamejitanda vizuri kabisa. Shabani akawatolea benchi akaliweka mbele ya kizimba. Wakakaa kwa heshima, wakazungumza kwa sauti ya chini kama wanavyozungumza wodini.

"Maskini. Ubavu wote."

"Na macho yake unayaona? Ana mawazo huyu."

"Anakula lakini?"

"Hajala," nikasema.

"Basi mbembelezeni. Mgonjwa hubembelezwa. Msimwache peke yake, upweke ndio unaoua."

Baada yao walikuja wengine. Akaja mzee mmoja na uji kwenye chupa ya chai, nikamshukuru, nikaunywa. Shabani kila asubuhi alipofungua geti alipiga hodi kwenye wavu, "Hodi mgeni! Umelalaje?" na kila jioni akamtakia usiku mwema. Mimi kila saa nilipita kuangalia kama amekula. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nia mbaya. Tulikuwa tumelelewa hivyo, na tulimtendea chatu yule kama tulivyotaka tutendewe sisi.

Yeye hakuona hivyo. Siku ya tatu alianza kuugonga wavu kwa mdomo kila mtu alipopita. Siku ya tano alikuwa akisugua pua kwenye kona usiku kucha, na asubuhi nilikuta damu. Kile kibanda kikubwa hakukiingia. Alijikunja pembeni, kichwa kimefichwa katikati ya mwili, akipumua kwa nguvu kama pampu ya baiskeli. Kisha akahamia kwenye beseni la maji, akakaa humo, kidonda chake na kila kitu. Na yule kuku alimzoea. Alitembea juu ya mgongo wa chatu, akamdonoa donoa, na siku ya sita akataga.

Shabani alilitazama yai. "Mzee, huyu kuku ameolewa hapa."

Nilicheka, lakini ndani nilianza kuogopa. Nilipiga simu Matombo mara nyingi nisizozihesabu. Sikuwahi maishani mwangu kuachiwa kiumbe mkononi mwangu kikafa, kwa sababu sikuwahi kukaa mahali muda wa kutosha kuachiwa kitu.

Siku ya kumi na sita Mama Felista aliingia getini kwa miguu, tope mpaka magotini. Mama yake alikuwa amepata nafuu. Hakusalimia. Alisimama mbele ya kizimba, akamwona chatu kwenye beseni, pua imechubuka, akaona kuku, akaona kibanda, akamwona Bi Mwanaidi na mwenzake kwenye benchi wakiwa wameshika mashavu. Alisema maneno kadhaa ya Kiluguru ambayo hakuna aliyejitolea kunitafsiria. Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Mmempa pole mpaka anakufa."

Bi Mwanaidi akasimama. "Mama Felista, sisi tulikuja kwa wema."

"Najua, dada yangu. Ndilo tatizo. Nani aliwaambia nyoka ana ndugu? Huyu kila anapoinua kichwa, anaona watu wazima wanne wamemkazia macho. Kwake yeye hizo si salamu. Anasubiri mmoja wenu amle."

Shabani akainua benchi bila kuambiwa, akaondoka nalo.

Kazi tuliyoifanya mchana ule ndiyo ambayo nimekuwa nikiwafundisha ninyi wote, kwa hiyo nitaiandika kama ilivyokuwa. Kwanza kuku alitoka, na yai lake. Chakula hai mbele ya nyoka mwenye hofu si chakula, ni bughudha nyingine yenye mdomo. Kisha tulimhamisha chatu kwenye kile kizimba kidogo nyuma ya stoo, mara moja, bila maneno, Mama Felista upande wa kichwa na kulabu, sisi tumeubeba mwili. Tuliziba wavu pande tatu kwa magunia. Upande mmoja, ule wenye ukuta unaopigwa jua la mchana, tuliweka taa ya joto iliyofunikwa kwa waya asiiguse, na upande mwingine tukauacha ubaridi, na vipimajoto viwili, ili achague mwenyewe. Beseni likawa dogo, la kunywa, si la kujificha, maana kidonda hakiponi ndani ya maji.

Nikaanza kubeba kile kibanda changu. Akanizuia.

"Hicho acha. Leta lile kasha la mbao lililokuja na vioo, liko stoo."

"Lile? Hatajinyoosha mle. Atabanwa."

"Abanwe."

"Mama Felista, nimemjengea nyumba kubwa kuliko chumba changu."

"Ndiyo maana haingii." Akajikunyata pale chini akiwa na tope lake, akaegemea kwenye kona ya ukuta, magoti kifuani. "Mtu akiogopa anakaa hivi, au anajilaza katikati ya uwanja? Nyoka hajui yuko salama kwa kuona. Anajua kwa mgongo. Kuta zote zimguse, hapo atapumua."

Tuliligeuza kasha, tukakata mlango mdogo, tukaliweka upande wa joto. Kabla sijamaliza kufunga kizimba, nikaangalia ndani. Chatu wa mita tatu alikuwa ameshaingia mwili mzima, kama kamba iliyorudi kwenye begi lake.

"Sasa tunafanya nini?" nikauliza.

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hatufanyi kitu. Wiki mbili. Maji tu, asubuhi, kwa kupitia upenyo wa chini. Humtazami, humsalimii, humpi chakula."

Nawaambia ukweli wangu. Nimebeba magunia ya mpunga, nimepasua mawe, lakini kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya ni hiyo ya kutomtazama nyoka. Mtu mwenye udadisi kama wangu, nyuma ya gunia kuna kiumbe anayekufa au anayepona, na hujui ni lipi. Shabani naye aliteseka kwa namna yake. Wageni wa pole waliendelea kuja, na hakuweza kuwafukuza, kwa hiyo aliwapokea getini na kuandika majina yao kwenye daftari la shule. "Nitamfikishia," aliwaambia. "Akipona nitamsomea."

Siku ya tisa nilishindwa. Hapakuwa na mtu karibu. Nikainua kona ya gunia, vidole viwili tu. Chatu alikuwa ametoa kichwa nje ya kasha, ametulia, ulimi unatoka polepole, na kwa muda wa pumzi moja nilimwona jinsi alivyo bila hofu. Kisha akaniona. Alijirusha akagonga wavu mbele ya uso wangu kwa kishindo kilichomleta Mama Felista mbio. Pua iliyokuwa imeanza kupona ikafunguka tena.

Hakunigombeza. Alitazama, akarudisha gunia mahali pake, akasema, "Tunaanza kuhesabu upya," akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Kesho yake alfajiri nilifunga begi. Nilikuwa najua jinsi inavyofanywa. Unaondoka kabla watu hawajaamka, kabla kitu chenyewe hakijafa, na mbele ya safari unawasimulia watu kama kichekesho. Nilimkuta Mama Felista getini, ameshika bakuli na chekecheo.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Sawa. Kabla hujaenda, nichekechee hili jivu."

Lilikuwa jivu la jikoni. Tulilichekecha mpaka likawa laini kama poda, kisha akanionyesha namna ya kulinyunyiza kwa kijiko chenye mpini mrefu kupitia upenyo wa chini, mstari mwembamba mbele ya mlango wa kasha na mwingine mbele ya beseni. "Mimi pia siwezi kukaa bila kujua," akasema. "Lakini kuna kujua kusikomsumbua mtu. Akitoka usiku, jivu litasema. Akibaki, jivu litasema. Utachungulia asubuhi hapa chini, sekunde moja, unaangalia sakafu, si nyoka."

"Na litasema nini kesho?"

"Sijui. Wewe si unaondoka?"

Nikaweka begi chini. Sitaki mniheshimu kwa hilo. Sikukaa kwa uaminifu wala kwa toba. Nilikaa kwa sababu nilitaka kujua jivu litasema nini.

Kesho yake halikusema kitu. Keshokutwa vivyo hivyo. Asubuhi ya nne nilipiga magoti, nikachungulia, na nikakuta mstari wa jivu umefutwa katikati kwa upana wa kiganja, laini na umenyooka, kutoka kwenye kasha mpaka kwenye beseni. Kando yake, mstari mwingine wa kurudi. Alikuwa ametoka, amekunywa maji, amerudi nyumbani. Nilikimbia mpaka getini kumwambia Shabani, nikiwa na jivu puani, na tukashikana mikono kama watu waliopata mtoto.

Asubuhi zilizofuata nilisoma jivu kama wengine wanavyosoma gazeti. Leo amezunguka kizimba chote. Leo amelala upande wa baridi. Pua haikugonga wavu tena. Wiki mbili zilipokamilika bila alama ya hofu, Mama Felista alichinja sungura, akampasha joto kwenye maji ya moto ndani ya mfuko mpaka akawa na joto la mwili, na jua lilipoanza kuzama nikamsukuma kwa koleo refu mpaka mbele ya mlango wa kasha. Tukaondoka. Mama Felista alifunga mlango wa stoo, na ufunguo akaweka mfukoni mwake, akinitazama mimi.

Asubuhi sungura hakuwapo. Jivu lilikuwa limevurugika, na alama ya kuburuta iliingia ndani ya kasha.

"Amekula!" nikasema.

"Amemwingiza ndani," Mama Felista akasema. "Kula ni jambo lingine. Kuna wanaokokota wakaacha. Subiri siku tatu. Nyama isiyoliwa itanuka yenyewe."

Siku tatu hizo nilinusa ukuta wa stoo kama mbwa. Siku ya kwanza, maranda. Siku ya pili, maranda na jivu. Siku ya tatu Mama Felista mwenyewe alipiga magoti kando yangu, buti zake na kila kitu, akavuta pumzi ndefu, akafunga macho.

"Hakuna kitu," akasema, na nilimwona akifuta jicho kwa kona ya khanga. Alisema ni jivu.

Jioni ile Shabani alikuja na daftari lake. Mama Felista alimruhusu kusimama mwisho wa stoo, nje, na kusoma kwa sauti ya chini. Alisoma majina yote, kuanzia Bi Mwanaidi. Alipomaliza akafunga daftari akasema amepunguza mzigo.

Tangu hapo nimepokea nyoka wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka. Koboko aliyekamatwa kwenye dari la duka, swila waliotokea kwenye banda la kuku, chatu wadogo waliofugwa na watu mjini kwenye ndoo mpaka wakawachoka. Wote niliwafanyia yale yale: mahali padogo, giza, joto upande mmoja, magunia, jivu, na siku nyingi za kutofanya kitu. Wachache walikufa, na sitawaficha hilo. Nyoka akifika amechelewa hakuna kasha litakalomrudisha. Lakini wengi walikula, na kila mara niliposoma jivu asubuhi ya kwanza nilikimbia kumtafuta wa kumwambia, vile vile kama siku ile. Mkija kuona hamkimbii tena, ombeni likizo. Mama Felista alistaafu miaka mitano kabla yangu, na siku ya mwisho alinikabidhi kulabu yake bila hotuba. Aliniambia mpira wa ncha umechakaa, niubadilishe.

Yule wa Turiani tulikaa naye miezi minne. Alijivua ngozi mara mbili, na kwenye ngozi ya pili sehemu iliyoungua ilikuwa kovu tu, rangi ya chai ya maziwa. Afisa wa wanyamapori alikuja, akamtazama, akasema msitu umepatikana, chini ya mlima, upande ambao hakuna miwa. Tulimbeba ndani ya kasha lake lile lile, tumeziba mlango kwa ubao. Gari lilifika lilipoweza, halafu tukatembea, sisi wanne, tukipokezana kamba. Alikuwa mzito. Kila mtu alilalamika, na kila mtu alifurahi kulalamika.

Afisa alitufikisha mahali alipokwishapaangalia mapema, mteremko wenye miti mikubwa na mashimo ya muhanga, yule mnyama mwenye pua ndefu anayechimba usiku akitafuta mchwa kisha huliacha shimo kwa yeyote anayelihitaji. Tuliweka kasha hatua kumi kutoka kwenye shimo moja, tukaondoa ubao, tukarudi nyuma ya mti ulioanguka. Saa nzima hakutoka. Shabani alianza kusema kitu mara mbili, na mara mbili akajizuia. Kisha ulimi ukaonekana, halafu kichwa, halafu mita tatu za chatu zikatiririka kwenye majani bila haraka, jua la mchana likitua vipande vipande juu ya kovu.

Alifika kwenye mdomo wa shimo, akasimama. Aliupima udongo wa kulia kwa ulimi, kisha wa kushoto. Akaingiza kichwa, akasimama tena, kisha akaingia mwili mzima, taratibu, mpaka mkia. Kwa muda hapakuwa na kitu ila shimo. Nilidhani yameisha. Ndipo ndani kule kwenye kivuli nikaona pua imerudi, imeelekea nje, mwili wote umejikunja nyuma yake na kubanwa na udongo pande zote. Hakuwa akijiandaa kutoka. Alikuwa ametulia, akiutazama mlango wake.

Shabani akavuta pumzi kumuaga. Mama Felista akamgeukia. Shabani akafunga mdomo, tukachukua kasha tupu, tukashuka.